Shajara ya mradi: kutenganisha watu na foklifti katika ghala la korosho, Mtwara

Agosti: chanzo na mipaka ya mradi

Mradi huu unahusu ghala kuu moja la korosho katika Manispaa ya Mtwara Mikindani. Msimu uliopita ghala hilo liliingiza foklifti mbili za dizeli, yaani magari madogo yenye uma mbele za kunyanyulia mizigo, na mkanda mmoja wa kupandishia magunia kwenye malori, na katika msimu huohuo daftari la majeruhi likaanza kuandikwa mambo ambayo hayakuwamo kazi ilipokuwa ya mabega matupu: mguu uliokanyagwa na gurudumu la nyuma, vidole vilivyovutwa na mkanda, gunia lililoteleza kutoka juu likamwangukia mpita njia, na kijana aliyepandishwa kwenye uma za foklifti ili arekebishe kilele cha staki, yaani magunia yaliyopangwa juu kwa juu, akaanguka kutoka huko. Lengo tulilokubaliana na mwendesha ghala ni kwamba msimu ujao pasiwe na mtu wa miguu anayetumia njia moja na mashine. Hatukuandika kuwa lengo ni kuongeza umakini wa wafanyakazi, kwa sababu umakini wa mtu aliyeingia kazini alfajiri na bado yupo saa mbili usiku si kitu cha kujengea mpango.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini mashine zililetwa, maana wapo wanaodhani kuwa dawa ni kuziondoa. Gunia la korosho ghafi hufungwa kwa kilo 80. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilisema kuwa pale ambapo mwanamume mmoja mtu mzima anaruhusiwa kubeba zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe upesi kuushusha uzito huo hadi kufikia kiwango hicho. Kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao korosho ya mkulima huhifadhiwa ghala kuu na kuuzwa kwa mnada, na ulioanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, gunia hupakiwa kwenye chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, hushushwa ghala kuu, hupakiwa tena baada ya mnada, kisha hushushwa bandarini au kiwandani. Msimu wa 2017/18 nchi ilikusanya zaidi ya tani 313,000, ambazo ni sawa na magunia takribani milioni 3.9, na kila gunia likanyanyuliwa si chini ya mara nne. Uzito huo umepita juu ya migongo ya watu wa kusini kwa miaka mingi, na wazee wengi waliobeba magunia ujanani leo hawawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Mradi huu haupingani na foklifti hata kidogo. Unachokataa ni foklifti kuingizwa katika jengo, sakafu na utaratibu wa malipo vilivyopangwa kwa ajili ya watu wanaotembea, kisha watu haohao wakaambiwa wajihadhari.

Agosti mwishoni: nani anapita wapi

Kazi ya kwanza ilikuwa kukaa na kutazama. Tulichora ramani ya sakafu kwenye karatasi kubwa na kuweka alama kila mtu alipokatiza njia ya mashine. Tulitarajia alama nyingi za wabeba magunia, nazo zilikuwapo, lakini zilizojaa kuliko zote zilikuwa za watu ambao hawakuwamo katika mpango wowote wa usalama: utingo wa malori wanaoingia kuuliza zamu yao, wajumbe wa vyama vya msingi wanaofuata magunia yao hadi kwenye mizani, wachukua sampuli wenye bambo mkononi, kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia, wanaozunguka staki pande zote, na mama lishe wanaoleta uji asubuhi na wali mchana kupitia mlango uleule mkubwa unaotumiwa na foklifti. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuelezwa kwamba foklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, hivyo kitako chake hufagia upande ambao mtu aliyesimama kando anaudhani kuwa salama.

Tuliyoyaona yanaafikiana na yale ambayo wenzetu wa mbali waliyaandika zamani. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, ilihesabu vifo 1,021 vilivyohusiana na foklifti nchini mwao kati ya mwaka 1980 na 1994. Asilimia 22 vilitokana na foklifti kupinduka, asilimia 20 ni watu wa miguu waliogongwa, asilimia 16 ni waliobanwa na foklifti, na asilimia 9 ni walioanguka kutoka juu yake. Nimezinakili hapa kwa sababu zinajibu hoja tuliyoisikia mara kadhaa mezani, kwamba ajali zetu ni za ugeni wa mashine na zitaisha zenyewe tukizoea. Nchi iliyotumia foklifti kwa makumi ya miaka iliendelea kuzika watu kwa njia hizohizo.

Septemba: milango na mapipa

Ghala lina milango mitatu, na mmoja ulikuwa umefungwa kwa miaka kwa sababu staki zilipangwa mbele yake. Tuliomba ufunguliwe uwe mlango wa watu peke yake, na mlango mkubwa wa kati ukawa wa mashine peke yake. Mwendesha ghala alisita, kwani kufungua mlango huo kulimaanisha kupoteza nafasi ya staki nzima, nayo nafasi katika msimu ni fedha. Mazungumzo yalichukua sehemu kubwa ya wiki. Kilichomshawishi hatimaye ni ile ramani yenye alama: alipoona jinsi zilivyosongamana kwenye mlango mmoja, alinyamaza kidogo, kisha akasema staki ihamishwe.

Kwa upande wa njia za ndani, pendekezo la kwanza lilikuwa kupaka rangi ya njano sakafuni. Tulipaka, lakini hatukuishia hapo. Foklifti inayokwenda kilomita 10 kwa saa husogea karibu mita tatu katika sekunde moja, na sekunde hiyo ndiyo ambayo dereva huitumia kutambua hatari kabla mguu haujafika kwenye breki. Baada ya hapo bado kuna umbali wa kusimama, na dereva mwenye mzigo juu hawezi kukanyaga breki kwa nguvu bila magunia kurushwa mbele. Mstari wa rangi hauzuii kitu kama hicho. Tulichukua mapipa makuukuu ya lita 200, tukayajaza zege, tukayasimamisha kwenye kila pembe ambapo njia ya watu inakutana na ya mashine, na katikati yake tukafunga mabomba ya chuma kwenye kimo cha kiuno. Wachukua sampuli sasa hufanya kazi kwenye eneo lao kando ya mizani, na gunia ndilo linalowafuata.

Mama lishe walipewa kibanda nje ya uzio, upande wenye kivuli cha mwembe. Mama mmoja aliyeuza hapo kabla hata ghala halijapakwa rangi alisema, "Mwanangu, mimi sikujua kama nahesabiwa miongoni mwa watu wa humu." Alihesabiwa, na jina lake limo kwenye orodha ya waliopewa maelezo ya usalama.

Septemba mwishoni: mafunzo ya madereva

Madereva wote wawili walitoka kwenye malori, na ustadi wao wa malori ulikuwa sehemu ya tatizo. Lori huongozwa kwa magurudumu ya mbele, foklifti kwa ya nyuma. Lori hubeba mzigo kati ya magurudumu yake, foklifti hubeba nje ya magurudumu, mbele ya ekseli. Nilipotafuta namna ya kueleza jambo hili nilikumbuka mzega: bega ni magurudumu ya mbele, ndoo ya mbele ni magunia, na ndoo ya nyuma ni kile chuma kizito kilichopachikwa kitakoni mwa mashine. Kila aliyewahi kuchota maji kwa mzega anajua kwamba ndoo ikisogezwa mbali zaidi na bega huelemea hata kama maji hayakuongezwa.

Kutoka hapo tulikwenda moja kwa moja kwenye chaga zetu, yaani majukwaa ya mbao ambayo magunia hupangwa juu yake ili uma ziingie chini, ambazo zimechongwa na mafundi seremala wa hapahapa kwa urefu wa sentimita 180 na upana wa 120. Foklifti zetu zimeandikwa tani 2.5, lakini maandishi hayo ni kwa mzigo ambao kitovu chake kiko sentimita 50 kutoka kwenye uso wa uma, na uso huo wenyewe uko sentimita 45 hivi mbele ya ekseli. Chaga ikinyanyuliwa kwa upande wake mpana, ule wa sentimita 180, kitovu kinakuwa sentimita 60, na uwezo unashuka hadi kilo 2,260 hivi. Ikinyanyuliwa kwa upande mwembamba, ule wa 120, kitovu kinakuwa sentimita 90 na uwezo unaanguka hadi kilo 1,760 hivi. Sasa chukua chaga yenye matabaka sita ya magunia manne: kilo 1,920 za korosho, na ukijumlisha magunia matupu na mbao unafika karibu kilo 2,000. Mzigo uleule, kwa mashine ileile, ni halali ukiuingilia kwa upande mpana na unaweza kupindua foklifti ukiuingilia kwa upande mwembamba. Dereva mdogo kati ya wawili hao aliinuka, akaenda kupima chaga kwa futi yake mwenyewe, akarudi akasema hivyo ndivyo magurudumu ya nyuma yalivyokuwa "yanakuwa mepesi" mwezi wa Novemba uliopita. Wepesi huo wa usukani ni foklifti inayoanza kuinuka nyuma.

Tuliamua mambo mawili siku hiyo. Mafundi seremala wafunge mbao upande mwembamba wa kila chaga ili uma zisiweze kuingia, na matabaka yasizidi matano, yaani magunia ishirini. Kuziba kwa mbao ninakuthamini kuliko kanuni yoyote iliyobandikwa ukutani, kwa sababu usiku wa manane, lori la mwisho likisubiri, mbao haisahau.

Jambo lililochukua muda mrefu zaidi kueleweka ni la kupinduka. Mwili wa mtu unapohisi mashine inalala upande hutaka kuruka, na anayeruka huangukia kulekule mashine inakoangukia, akabanwa na paa la chuma lililowekwa ili kumlinda. Dereva anapaswa kubaki kitini akiwa amefunga mkanda, akamate usukani kwa nguvu, akanyage sakafu ya mashine na kuegemea upande ulio kinyume na mwanguko. Tulirudia zoezi hili foklifti ikiwa imezimwa, mara nyingi, mpaka mikono yao ikazoea kushika badala ya kuachia. Mikanda ya viti ilikuwa imekatwa kwa kisu na mtu fulani kwa sababu "inasumbua kushuka". Imerudishwa.

Oktoba: malipo kwa gunia

Msimu umefunguliwa, malori yamepanga foleni hadi barabara kuu, na sasa ndipo tulipokutana na kiini cha tatizo.

Genge la wabeba magunia hulipwa kwa kila gunia. Dereva wa foklifti alikuwa akilipwa posho kwa kila lori linalokamilika. Kwa utaratibu huo, mtu aliyesimama kupisha mashine anapoteza fedha, na mashine iliyosimama kupisha mtu nayo inampotezea dereva wake. Zaidi ya hayo, magunia yanayobebwa na foklifti hayahesabiwi kwa genge, kwa hiyo vijana walikuwa wakikimbilia kushusha upande mmoja wa lori kabla uma hazijafika upande wa pili. Mtu akitazama kwa mbali ataona uzembe, lakini wale vijana walikuwa wakifanya hesabu sahihi kabisa ya chakula cha nyumbani kwao.

Nyapara wao, mzee mwenye heshima kubwa ghalani, alituambia waziwazi, "Mwanangu, ukisema tusimame foklifti ikipita, unatuambia tusile." Nilimjibu, "Mzee wangu, basi tuanzie hapo, kwenye kula." Tulikaa na yeye, mwendesha ghala, karani wa mizani na madereva. Baada ya mivutano mingi tulikubaliana kujaribu malipo ya lori zima: tani zilizopita mizani zinalipiwa kwa kiwango kimoja, ziwe zimeshushwa kwa mgongo au kwa mashine, na fedha zinagawanywa sawa kwa waliomo kwenye zamu. Dereva analipwa mshahara wa mwezi kwa msimu wote, bila posho ya lori. Muda wa kusimama kwa ajili ya usalama haukatwi kwa mtu yeyote.

Mabadiliko yalionekana kabla wiki haijaisha. Vijana walianza kusubiri nyuma ya bomba mpaka foklifti iweke mzigo na kurudi nyuma, kisha wakaingia wao. Mbio zile za kushindana na mashine zilikoma, maana hapakuwa tena na cha kushindania. Mwendesha ghala alihofia kwamba malori yatalala nje, lakini hayakulala zaidi ya ilivyokuwa msimu uliopita, na sababu mojawapo ni kwamba magunia yaliyopasuka kwa kugongwa yalipungua, nayo gunia lililopasuka hula muda wa watu wanne kulizoa, kulishona na kulipima upya. Tabia ya haraka ghalani hutengenezwa na karatasi ya malipo, na anayetaka kuiondoa haraka hiyo aanze na karatasi hiyo.

Novemba: mkanda wa kupakilia

Mkanda unaonekana mpole kwa sababu hauendi popote. Hatari yake iko kwenye ngoma za miisho yote miwili, mahali ambapo mpira unaingia chini ya chuma na kuvuta chochote kilichoguswa. Wabeba magunia wanaijua hatari hiyo kwa vidole vyao. Walioachwa bila ulinzi ni wanawake wanaofagia korosho zilizomwagika, ambao huinama chini ya mkanda ukiwa unazunguka, kanga zikining'inia, kwa sababu korosho hizo hurudishwa mizanini na upungufu wake huulizwa.

Tumefunika ngoma kwa wavu wa chuma, tumetandika turubai lenye mteremko chini ya mkanda ili korosho zikusanyike pembeni, na tumenyoosha kamba ya dharura urefu wote wa mkanda ili mtu yeyote aweze kuusimamisha kwa kuivuta. Kwa ufagiaji na matengenezo, umeme unakatwa kwenye swichi kuu, swichi inafungwa kwa kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwa yule aliye na mikono ndani ya mashine. Fundi aliuliza iwapo ufunguo wa akiba ukae ofisini. Hapana. Ufunguo wa akiba ofisini ni mtu mwingine kuwasha mkanda akidhani kazi imekwisha.

Desemba: mvua, na ajali ya mlangoni

Mvua zimeanza na sakafu ya mlango mkubwa ina mteremko unaokusanya maji na matope ya matairi. Foklifti yenye mzigo hupanda na kushuka mteremko ikiwa imeelekeza mzigo upande wa juu, nayo ikiwa tupu, uma huelekezwa chini. Madereva wanalifuata hilo bila kukumbushwa. Hata hivyo, siku moja foklifti iliteleza na kugonga pipa la pembeni. Pipa lilisogea kiasi cha kiganja, mashine ikasimama. Nyuma ya pipa hilo walikuwamo watu njiani. Mteremko umekwaruzwa kwa tindo ili ushike matairi, na kuna zamu ya kufagia maji na korosho zilizomwagika, kwani korosho kavu chini ya gurudumu au kisigino huviringika.

Ajali iliyotuumiza ilitoka kwenye lori. Dereva wa lori alidhani upakiaji umekwisha, akasogeza gari mita chache wakati foklifti ikiwa inaweka chaga ya mwisho, na utingo aliyekuwa juu ya bodi akabanwa mkono kati ya chaga na ubao wa pembeni. Mfupa umevunjika. Alipelekwa hospitali mara moja, na tumekuwa tukimtembelea nyumbani kwao, ambako mama yake anauliza swali moja tu, kama mkono utarudi kubeba. Tangu siku hiyo hakuna lori linalopakiwa kabla funguo zake hazijatundikwa ubaoni kwa karani na magogo hayajawekwa kwenye magurudumu, na funguo hazirudi mpaka dereva wa foklifti mwenyewe aseme amemaliza.

Suala la fidia lilitufumbua macho juu ya pengo jingine. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, huchangiwa na mwajiri na si kwa makato ya mfanyakazi, na taarifa ya ajali inapaswa kutolewa ndani ya muda uliowekwa. Lakini kibarua aliyeitwa na nyapara, ambaye naye aliitwa na karani, ambaye naye aliagizwa kwa mdomo, hana karatasi inayoonyesha mwajiri wake ni nani. Tumeanzisha daftari la kila zamu lenye jina, kazi, anayemlipa na saini au dole gumba. Wenye malori nao wameombwa waandike majina ya utingo wao kabla ya kuingia getini. Taarifa ya utingo aliyevunjika mkono imekwisha kupelekwa, pamoja na nakala ya ukurasa wa daftari la majeruhi wenye jina lake.

Januari: hali ilivyo na kazi iliyobaki

Mnada wa mwisho kwa ghala hili umekaribia na staki zimepungua. Mabomba na mapipa yote yapo mahali pake isipokuwa pembe moja iliyobomolewa na lori, ambayo itajengwa upya kwa nguzo iliyochimbiwa. Foklifti ya pili ina uvujaji wa mafuta kwenye silinda ya mlingoti, ile nguzo inayopandisha uma, nayo imesimamishwa kwa maandishi ya dereva mwenyewe kwenye fomu ya ukaguzi wa asubuhi. Mwendesha ghala alikubali uamuzi huo bila kubishana, ingawa malori yalikuwa nje. Mkaguzi wa vifaa vya kunyanyulia ataombwa kupitia Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi kabla mashine hizo hazijarudi kazini, kama inavyotakiwa chini ya sheria ya mwaka 2003.

Maghala mawili, moja la Masasi na jingine la Nachingwea, yameomba michoro ya chaga na ya njia za watu. Tutawapelekea pamoja na maelezo ya malipo kwa lori, na tumewaandikia kwamba bila sehemu hiyo ya malipo hatushauri wajenge mabomba peke yake. Kikao na manyapara wao kimepangwa kabla ya kilimo kuwatawanya watu mashambani. Kwa upande wetu, kinachosubiriwa ni kiwango cha malipo ya msimu ujao kiandikwe na kusainiwa sasa, wakati ghala linakaribia kuwa tupu na hakuna lori linalopiga honi getini.